Kable ya USB iko mu sinte, iko mu mashini, lakini sauti haiingie: tafuta shida fasi gani

Hii ni kwa bale benye kuwa na sinte ao klavie ya ukweli, yenye kuwa na kashimo ka USB ku mugongo, banachomeka kable mu laptop, banafungula FL Studio ao Cubase ao Reaper (programu za kurekodi, zinaitwa DAW), na hakuna kitu. Ao kitu inakuja lakini inakatika, inavuma, inachelewa. Mbele ya kuenda Birere, hapa Goma, kununua karte ya sauti ingine, mbele ya kuformate mashini na kupoteza maprojet ya kwaya yote, soma hii polepole, juu mara mingi shida iko fasi ndogo, na mara ingine iko fasi hakuna mutu anaangaliaka: ile USB yenyewe haikutengenezwa kwa kupitisha sauti.

Kwanza kabisa: USB yako inabeba nini?

Anza hapa hata kama unajiona unajua. Kashimo ka USB ka sinte kanaweza beba bintu biwili tofauti, MIDI na odio. MIDI iko tangu 1983 na haina sauti ndani hata kidogo, inabeba habari tu: mutu amegusa Do, ameigusa na nguvu fulani, ameiachia. Ni kama karatasi ya solfeji, unaweza ipatia kwaya lakini karatasi yenyewe haiimbe. Odio njo sauti yenyewe, vile inatoka mu sinte, kushoto na kuume.

Sasa kuna sinte zenye kutuma byote biwili mu kable moja, na kuna zenye kutuma MIDI peke yake, na kwa macho hauwezi jua juu kashimo ni kale kamoja, ka mraba kama ka ku printa, na juu yake bameandika tu USB ao USB TO HOST ao USB COMPUTER. Korg minilogue, Arturia MicroFreak, Behringer DeepMind 12: MIDI tu. Unaweza enstale mapilote (driver, programu yenye inafanya mashini ielewe sinte) yote ya dunia, sauti haitapita. Yamaha MX49 na MX61, MODX, Montage, Roland JUNO-DS, FA-06, JD-Xi, Korg Kross 2: hizo zinatuma odio. Ku familia ya PSR angalia namba vizuri kabisa, juu zinafanana na muuzaji atakuambia "ni ile ile". PSR-E373 na PSR-E473 ziko na odio ku USB, lakini PSR-E273 haina hata kashimo ka kuunganisha na mashini.

Namna ya kujua bila kubahatisha: fungula manuel ya ile modeli, PDF iko bure ku site ya mwenye kuitengeneza, enda ku ukurasa ya mwisho mwisho fasi ya specifications, tafuta neno USB. Kama bameandika odio pamoja na frekansi, tuseme 44.1 kHz, 24 bit, stereo, basi iko. Kama bameandika MIDI tu, ni MIDI tu.

Kama yako ni ya MIDI tu, usihuzunike, na usisikilize mutu anakuambia klavie yako ni mbaya. Toa jake mbili za 6.35 mm ku L/MONO na R, ziingize mu karte ya sauti ya inje ku entrée ya LINE, haiko ya mikro, kisha acha kable ya USB ibakie kwa kutuma note. Karte ya entrée mbili, hata ya bei ya chini, itarekodi sinte yako muzuri sana. Kile sitaki uone unafanya ni kuingiza sinte mu kale kashimo kadogo ka kaske ka laptop: upande ya kuingiza pale ni ya mikro, ni mono, na itakupatia sauti ya kupasuka na kelele mingi nyuma.

Mashini haione sinte kabisa

Kable. Ni kable mbele ya yote. Kuna kable zenye kuwa na nyuzi mbili tu za umeme ndani, ni za kushajia, zile nyuzi zingine mbili za kupitisha data hazimo. Kwa sinte za mupya zenye USB-C ao mikro USB hii inashikaka batu sana, juu mutu anachukua kable ya telefone. Kwa zile za kashimo ka mraba, kable ni ile ya printa, na hapa mujini iko raisi kupima: enda ku sekreteria ya karibu, fasi banafanyaka fotokopi, omba bachomeke kable yako mu printa yabo na batoe ukurasa moja. Ikitoka, kable iko sawa, shida iko fasi ingine. Haitoke, umeokoa masaa ya kuhangaika na pilote.

Kisha angalia ndani ya kashimo na tochi ya telefone. Hapa Goma tunaishi juu ya lava, ile vumbi nyeusi inaingia fasi yote, na ku klavie yenye inakaa mu kanisa lenye madirisha wazi utakuta imejikusanya ndani ya USB mpaka fishe haishike vizuri. Zima sinte, toa kable, pangusa na brosi kavu ya meno, pulizia hewa. Usitumie maji, usiingize sindano ya chuma.

Urefu. USB 2.0 haipaswe kupita metre 5. Ku makanisa shida ni hii: klavie iko mbele ku podium, mashini iko nyuma karibu ya mikse, batu banaunga ralonje mbili tatu za USB na banashangaa inaonekana leo kesho haionekane. Leta mashini karibu na sinte, kisha vuta sauti mpaka nyuma na kable ya odio ya kubalanse. Kable ya odio inavumilia urefu, USB haivumilie.

Hubu (kile cha kugawanya USB moja kuwa mingi) nayo ni ya kutoa. Chomeka moja kwa moja ku laptop, ona kama inabadilika.

Inaonekana, lakini ni MIDI peke yake inaonekana

Hapa njo naomba usome mara mbili, juu hii shida inafanya batu banauza sinte za muzuri kwa bei ya kutupa.

Ku Roland mingi kuna réglage mu menu ya System inaitwa USB Driver, na iko na majibu mawili: GENERIC na VENDOR. Ikiwa ku GENERIC, mashini inatumia pilote ya Windows yenyewe na inapata MIDI tu, odio haipite. Inafaa uweke VENDOR, u-save, uzime sinte, uiwashe tena, juu bila kuzima haibadilike. Na mu mashini inafaa pilote ya Roland ya ile modeli iwe ndani. Klavie mingi zenye kuingia hapa ni za mukono ya pili, zimepita kwa mutu mwingine kule Ulaya ao Dubai, na réglage zimebakia vile yeye aliziacha. Kwa hiyo sinte ya okazyo, kitu ya kwanza ukifika nayo nyumbani, baada ya kuhifadhi sauti zenye unataka, ni Factory Reset, kisha unaanza kuweka zako.

Ku Yamaha unatafuta Yamaha Steinberg USB Driver. Angalia mufwatano, juu ina maana: kable iwe inje, enstale pilote, rédémarre mashini, kisha njo chomeka sinte na uiwashe. Ukichomeka mbele, Windows inajiwekea pilote yake ya haraka na mara ingine inakataa kuachia fasi. Ikiisha kutokea, ingia mu Gestionnaire de périphériques, futa ile sinte pale pamoja na pilote yake, toa kable, anza upya.

Windows yenyewe ilianza kuelewa odio ya USB ya darasa la 2 bila pilote ya inje mu 2017, ku Windows 10 version 1703. Kama mashini yako iko na Windows 7 ao Windows 10 ya zamani yenye haijapata miz-a-jur, bila pilote ya mutengenezaji hautafika. Ku Windows 11 kuna upande ingine: kitu inaitwa Intégrité de la mémoire, mu usalama ya Windows, inaweza zuia pilote ya zamani isipakiwe, na inafanya hivyo kimya kimya. Dawa ni kutafuta pilote ya mupya zaidi ku site ya kampuni, haiko kuzima usalama ya mashini kwa siku zote.

Na kwa habari ya mega: pilote haiko kubwa, telesharje mara moja, weka ku flash, patia na benzako ba ku studio ingine. Lakini ichukue ku site ya kampuni yenyewe, usichukue ku ma-site ya "driver updater", zile zinakuletea takataka.

MIDI inaenda, pilote iko, lakini DAW haisikie

Hapa kuna fasi ine tano za kuangalia, nitapita mbio.

Ku FL Studio enda Options, Audio settings, chagua ASIO (pilote ya sauti ya haraka) ya sinte yenyewe, kisha mu mixer chagua entrée juu kuume ya piste. Ku Cubase na Reaper pia inafaa uchague pilote kwanza kisha uwashe entrée. Bila kuchagua entrée ya piste, sauti iko inafika ku mulango na hakuna mwenye anaifungulia.

Microphone ya Windows. Mu Paramètres, Confidentialité, Microphone, kama bamekataza applications za bureau, basi sauti yote ya kuingia imekufa, hata ya USB, juu Windows inahesabu entrée yote kama mikro. Mac nayo tangu 10.14 inauliza ruhusa, na ukijibu hapana siku ya kwanza haiulize tena, unaenda kuirekebisha mwenyewe mu réglages.

Volume. Kuna sinte zenye volume ya USB tofauti na ile mbouton kubwa ya mbele. Ku MODX kila Part inaweza tumwa ku Main ao ku sortie ingine ya USB, kwa hiyo kama umerithi réglage ya mutu, sauti inaweza kuwa iko inatoka ku USB 7 na 8 wakati weye unasikiliza 1 na 2.

Frekansi. Sinte mingi zinatembea ku 44.1 kHz tu. Roland TR-8, mashini ya ngoma, yenyewe iko ku 96 kHz. Kama projet yako iko 48 na sinte inataka 44.1, mara ingine DAW inakataa kufungula, mara ingine inafungula lakini tonalité inakimbia. Sauti ya 44.1 yenye inasomwa kama 48 inapanda karibu robo tatu ya toni: ulipiga Do, inaangukia katikati ya Do dièse na Re, haifanane na gamme yoyote, na waimbaji banaanza kulaumiana bure. Ukisikia vile, usiguse transpose. Rudisha projet ku 44.1.

Umechagua sinte na sauti ya mashini imepotea

Haiko shida, ni namna inafanyaka kazi. Sinte ikiwa karte yako ya ASIO, sauti yote ya DAW inarudi ku sinte, kwa hiyo kaske yako iingie mu sinte, haiko mu laptop. Windows nayo inapenda kufanya sinte kuwa sortie ya kawaida, njo maana katikati ya ibada unasikia "ting" ya WhatsApp mu bafle za kanisa. Enda ku réglages za sauti, rudisha sortie ya kawaida ku bafle za laptop, achia sinte DAW peke yake.

Note zinatoka mara mbili, ao larsen

Ukigusa touche moja na usikie mbili zenye kushikana, sauti ya kama iko mu bomba, ni kwamba klavie inapiga sauti yake yenyewe na DAW inairudishia ile note kwa MIDI. Weka Local Control OFF ku sinte, ao zima MIDI thru ku piste. Ukimaliza kazi rudisha Local ON, juu mupianiste wa kesho asubui atawasha, atagusa, hakuna kitu, na atasema klavie imekufa.

Larsen yenye inapanda mpaka masikio inauma: piste yenye unarekodi iko na monitoring, inatuma sauti ku sinte, sinte inairudisha ku USB, inazunguka. Teremusha volume mbio, zima monitoring ya ile piste. Sauti ya sinte unaisikia tayari ku sinte yenyewe.

Na hii inanileta ku kuchelewa. Batu banapigana na bufa (kipande cha sauti chenye mashini inakusanya mbele ya kukipitisha), banaiteremusha mpaka 64, mashini inaanza kupasuka kama mahindi ku moto, juu banataka wasikie haraka. Ku 44.1 kHz, bufa ya 128 ni milisekonde 2.9, ya 256 ni 5.8, ya 512 ni 11.6, ya 1024 ni 23. Kama unapiga maplugin na sinte ni klavie tu, basi ndiyo, teremusha. Lakini kama unarekodi sauti ya sinte yenyewe, weye unaisikia moja kwa moja mbele haijaingia mu mashini, kwa hiyo bufa ya 512 ao 1024 haikusumbue hata kidogo. Iache juu na urekodi kwa amani.

Ikiendelea kukatika na bufa iko juu: zima WiFi na Bluetooth, mu Options d'alimentation weka performance ya juu na uzime ile suspension sélective ya USB, na usirekodi laptop ikiwa ku bateri, juu mashini mingi zinapunguza nguvu zikitoka ku prizi. LatencyMon, programu ya bure ya Windows, itakuonyesha ni pilote gani inazuia wengine, na mara mingi ni ya WiFi.

Kelele: mmmm ya chini, ao filimbi yenye inafuata souris

Hii njo shida kubwa ya huku kwetu, na inafaa kwanza ujue jambo moja. Odio yenye inapita mu USB ni namba, umeme mubaya hauwezi ichorea mmmm njiani. Kama umerekodi kwa USB peke yake na mmmm imo mu rekodi, inatoka mu sinte yenyewe ao alimentation yake. Lakini mara mingi batu bamechomeka USB na pia jake za sinte mu mikse, na mmmm wanaisikia mu bafle, haiko mu rekodi. Ile ni mzunguko wa masse (tere ya umeme): laptop iko ku prizi moja, mikse iko ku ingine, USB inaunganisha masse zabo, na umeme mudogo unatembea mu kable ya odio.

Umeme wetu ni 50 Hz, kwa hiyo mmmm yake iko karibu na Sol ya chini kabisa, ile haiko hata ku klavie ya touche 61. Ukiisikia ni mambo ya umeme. Ile ya juu juu, filimbi yenye inabadilika ukitembeza souris ao ukifungula fenetre, ni laptop yenyewe inapitisha kelele kwa USB.

Kupima: toa chaja ya laptop, ikae ku bateri. Kelele ikienda palepale, umeijua. Dawa kwa mufwatano ya bei: chomeka laptop, sinte na mikse ku multiprise moja, ikibakia, weka DI (kasanduku ka kupitisha sauti) yenye transformatere kati ya sinte na mikse, ikibakia, isolatere ya USB, lakini angalia, zile za bei ya chini mingi zinaishia 12 Mb/s, zinatosha MIDI, na sinte yenye inaomba USB 2.0 ya 480 Mb/s itazikataa. Kile sikubali kabisa ni kuvunja ule muguu wa tere ku fishe. Kelele itaenda ndiyo, lakini siku chaja ao ampli itaharibika umeme utapita kwa mikono ya mwenye kupiga ao kwa midomo ya mwenye kushika mikro. Mutu ni mutu, kelele ni kelele.

Kwa bale benye kutumika na plake za jua: konvertisere ya bei ndogo haitoe umeme laini, inatoa ule wa ngazi ngazi, na ule unaleta kelele ya zzzz yenye hakuna DI itamaliza yote. Kwa studio tafuta ile bameandika pure sinus. Na groupe, ikiwaka ao ikibeba frigo ya jirani, volti inapanda na kushuka, kwa hiyo weka stabilizatere mbele ya sinte.

Umeme umekatika katikati ya kurekodi

Laptop inabakia na bateri yake, sinte inazima, DAW inapoteza karte yake. Umeme ukirudi unawasha sinte na hakuna kitu kinasikika, batu banasema imeungua. Haijaungua. Save kwanza, kisha mu réglages za odio chagua pilote ingine, rudi uchague ile ya sinte tena. Ikikataa, funga DAW, hakikisha sinte inawaka, fungula DAW ya mwisho. Mufwatano ni sinte mbele, DAW nyuma, siku zote. Na kama inazimika bila umeme kukatika, angalia Auto Power Off: ku Yamaha mingi iko ku dakika 30 kutoka fabriki, ukikaa unaandika maneno ya wimbo bila kugusa touche, inajizima yenyewe. Iweke Off.

Ikiwa umefanya yote

Chukua mashini ya mwingine, ya kabila ingine kama inawezekana, Mac ao Linux, na kable yenye ilipita muzuri ku printa. Sinte ikionekana pale, shida iko mu Windows yako na utarudi ku pilote. Isipoonekana ku mashini mbili na kable nzuri, kashimo kenyewe kameachana na plake ndani, inatokeaka sana ku klavie zenye kubebwa ku moto (pikipiki) kila Jumamosi kuenda ku repetisyo kable ikiwa bado imechomekwa. Fundi wa masoudure mwenye kujua kazi anaweza kuishika tena, mwambie asitumie fer ya moto mukali ya mabati. Wakati unamungojea, jake mbili mu karte ya sauti na kable ya MIDI yenye fishe ya miguu 5, kama sinte yako iko nayo, na repetisyo inaendelea.